Maganda Yanayofanana: Hotuba Kuhusu Risasi za Bastola

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa sheria na wa uanahabari mliopanda matatu kuja huku Eastlands, na nyinyi majirani wa Kaloleni, Makongeni na Mbotela, hamjambo? Itifaki nimeizingatia. Nashukuru kuitwa kuzungumza katika ukumbi huu. Nilizaliwa mwendo mfupi kutoka hapa, na wazazi wetu walikaa kwenye sakafu hii hii kusikiliza siasa kabla hatujapata bendera.

Nimetunza na kutengeneza bunduki za serikali kwa miaka 31. Kazi yangu ilikuwa ghalani: kufungua, kusafisha, kubadilisha springi, kuhesabu risasi asubuhi na kuzihesabu tena jioni. Sikuwa mpelelezi wala kamanda. Lakini mtu wa ghala huona jambo ambalo wengine hawalioni, nalo ni risasi zikibadilika. Huona sanduku la aina moja likiisha lisiagizwe tena, na la aina nyingine likirundikana hadi darini. Hilo ndilo nililoombwa nilieleze, na kabla ya kuketi nitawaambia kwa nini linanikosesha usingizi hadi leo nikiwa nyumbani.

Tuanze na kipimo. Huku mitaani bastola tunaiita mguu wa kuku na risasi tunaziita ndengu. Basi ndengu hizo si za ukubwa mmoja. Upana wa risasi, ambao ndio upana wa mtutu inamopita, huitwa kaliba. Wengi wanaofuatilia asili ya maneno hulirudisha neno hilo kwenye kalibu ya Kiarabu, chombo cha kumiminia madini yaliyoyeyushwa, na kalibu sisi Waswahili tunayo tangu zamani. Risasi nayo ilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua. Ndiyo maana mtoto wa shule huambiwa alete kalamu ya risasi. Hebu ichukueni kalamu hiyo. Upana wake ni kama milimita 7. Risasi ya bastola iliyozoeleka zaidi duniani leo ina milimita 9. Ile kubwa iliyopendwa na Wamarekani kwa miaka mingi, .45, ina milimita 11.43. Kati ya hizo mbili tofauti haifiki milimita 2 na nusu, na juu ya tofauti hiyo watu wamebishana zaidi ya miaka 100 na majeshi yamebadilisha silaha.

Waingereza na Wamarekani walizoea inchi, na ndiyo maana ya ile nukta: .45 ni sehemu 45 za inchi iliyogawanywa mara 100. Nchi nyingine za Ulaya hutumia milimita. Na majina haya hayaaminiki sana. Risasi ya .38 ukiiwekea kipimo utakuta ni milimita 9 na kitu kidogo tu, karibu sawa na ile inayoitwa 9. Waandishi wa habari, mlishike hilo.

Kwetu Kenya, hakuna kaliba yenye historia nzito kama hiyo .38. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kupelekwa mahakamani Nyeri, hakushtakiwa kwa vita vyote vya Mau Mau alivyoviongoza msituni dhidi ya Waingereza. Alishtakiwa kwa kupatikana na rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, aina ya Webley Scott ya .38, na risasi sita. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na bunduki tu, au na risasi tu, lilikuwa kosa la kunyongwa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Risasi sita. Mimi nimezigawa risasi kwa maelfu, na kila nilipohesabu sita nilimkumbuka.

Kwa nini .38? Waingereza walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia na rivolva kubwa ya .455. Ilikuwa nzito, ikipigwa hurusha mkono juu. Baada ya vita waliona ukweli mmoja: mwanajeshi aliyefunzwa wiki chache hawezi kupata shabaha kwa silaha hiyo. Wakateremka, na mwaka 1932 jeshi lao likachukua rivolva ndogo ya Enfield ya .38. Hawakusema kwamba risasi ndogo ina nguvu zaidi. Walisema mkono wa mtu wa kawaida utaiweza. Rivolva za kaliba hiyo ndizo zilizosambaa kwenye makoloni, zikafika kwa maafisa na masetla, na zilizoporwa kwao zikafika msituni. Wapiganaji wengine walijitengenezea bunduki kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, na fundi wa namna hiyo hana budi kuanza na risasi aliyo nayo, kisha atafute bomba litakaloitosha.

Ile ya milimita 9 ni ya Mwaustria, Georg Luger, ya mwaka 1902. Jeshi la majini la Ujerumani liliichukua mwaka 1904, la nchi kavu mwaka 1908. Jina lake la Parabellum limetoka kwenye msemo wa Kilatini wa kumtaka anayetaka amani ajiandae kwa vita. Mwaka 1935 ikaja bastola ya Browning kutoka Ubelgiji, iliyobeba risasi 13 za aina hiyo kwenye magazini moja, yaani kile kibebeo cha risasi kinachochomekwa kwenye kipini, wakati rivolva ilibeba sita. Browning hizo nilizikuta ghalani nilipoajiriwa. Vipini vyake vilikuwa vimelainika kama mpini wa jembe la mama mkwe wangu.

Marekani ndiko kwenye kisa kirefu, na naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu tunayoyafanya sisi leo tuliyaiga huko.

Jeshi lao mwaka 1892 lilichukua rivolva ya .38. Wakaenda nayo Ufilipino, na huko wapiganaji wa Kimoro, Waislamu wa kusini mwa nchi hiyo, wakawa wanapigwa risasi na bado wanafika na panga mkononi. Hofu ikawa kubwa. Rivolva za zamani za .45 zikatolewa stoo zikapelekwa. Mwaka 1904 maafisa wawili, Thompson na LaGarde, walitumwa kufanya majaribio: walipiga risasi maiti za watu, na huko Chicago wakapiga ng'ombe kwenye machinjio, wakilinganisha kaliba mbalimbali. Wakapendekeza isipungue .45. John Browning akaunda bastola na risasi yake, jeshi likaipokea mwaka 1911, nayo ikakaa miaka 74. Kijana wa leo akisifia .45 mtandaoni anarithi hofu ya watu waliokimbizwa na mapanga karne iliyopita.

Polisi wao hawakuifuata. Walibaki na rivolva za .38 kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wengine wakiongeza nguvu kwa .357 Magnum ya miaka ya 1930. Mwaka 1985 jeshi likaiacha .45 na kuchukua Beretta ya milimita 9, kwa sababu washirika wao wa NATO, ule muungano wa kijeshi, walikuwa huko tayari na kwa sababu magazini ilibeba risasi 15. Miaka hiyo hiyo Glock kutoka Austria ilikuwa inaingia, na risasi 17. Ilionekana mjadala umefungwa.

Ndipo ikaja asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1986, Miami. Maafisa wanane wa FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walipambana na majambazi wawili wa benki. Maafisa wawili waliuawa, watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majambazi, Michael Platt, alipigwa mapema risasi ya milimita 9 iliyopita kwenye mkono ikaingia kifuani na kusimama karibu sana na moyo bila kuufikia. Aliendelea kupigana. Lawama zote zikaiangukia risasi ile. Nimesoma kisa hicho mara nyingi kama mtu wa ghala, na naona haikutendewa haki. Platt alikuwa na bunduki ndefu, nusu otomatiki, na maafisa wengi walikuwa na bastola tu. Hakuna bastola ya kaliba yoyote inayolingana na bunduki ndefu. Lakini ni rahisi zaidi kubadilisha risasi kuliko kubadilisha mipango.

Basi wakatafuta kubwa zaidi. Wakachukua ya milimita 10. Ikawa na mshindo mkali, wakaomba ipunguzwe baruti. Ilipopunguzwa, kampuni za Smith & Wesson na Winchester wakaona kwamba ganda lote lile la kubebea baruti halihitajiki tena, wakalikata, na mwezi Januari 1990 wakatoa .40. Kwa miaka zaidi ya 20 .40 ndiyo iliyotawala viunoni mwa polisi wa Marekani, FBI wenyewe wakaichukua mwaka 1997. Sheria nayo ilisaidia: kutoka 1994 hadi 2004 raia wa huko hawakuruhusiwa kununua magazini mpya za zaidi ya risasi 10, na mtu akijua ni 10 tu, husema basi ziwe nene.

Halafu wakarudi. Mwaka 2014 kitengo cha mafunzo cha FBI kiliandika sababu za kurejea milimita 9, na ununuzi ukafuata. Jeshi nalo mwaka 2017 lilichagua bastola mpya ya SIG Sauer, ya milimita 9 tena. Sababu zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa: zile zenye tundu puani, zinazopanuka zikiingia mwilini, sasa zilifikia kina walichokitaka, inchi 12 hadi 18, yaani kama sentimita 30 hadi 46 kwenye jeli ya majaribio. Ya pili ni ile ile ya Waingereza: mkono. Waliandika waziwazi kwamba katika mapambano halisi polisi hukosa asilimia 70 hadi 80 ya risasi wanazopiga. Anayekosa risasi nane katika kumi hasaidiwi na unene uliozidi kwa milimita moja au mbili. Husaidiwa na silaha isiyomrusha mkono, pamoja na mazoezi, nayo mazoezi hutaka risasi za bei nafuu.

Sasa turudi Nairobi. Bastola mnazoziona kwa maafisa wetu, na mnazozisoma kwenye taarifa za polisi kila wiki, ni Ceska, Jericho, Glock. Jericho kamili huitwa 941. Nani anajua kwa nini 941? Ilipotolewa na Waisraeli mwaka 1990 iliuzwa na mitutu miwili: mmoja wa milimita 9, mwingine wa .41, kaliba mpya iliyotarajiwa kutikisa dunia. 9 na 41. Mwaka ule ule ikatoka .40 ya Wamarekani, na .41 ikafa ingali changa. Kwa hiyo afisa anayesimama pale mzunguko wa barabara ana kiunoni jina la risasi ambayo pengine hajawahi kuiona. Mtutu uliobaki ni wa 9.

Na hapo ndipo penye uchungu wangu wa kwanza. Sisi tuliichukua kaliba bila kuichukua hoja yake. Hoja ya kurudi kwenye 9 ilisimama juu ya risasi inayopanuka na ikasimama juu ya mazoezi. Risasi niliyoigawa mimi miaka yote ilikuwa ya kijeshi, yenye koti zima la shaba. Mkataba wa Hague wa 1899 ulikataza risasi zinazopanuka vitani, na kwa wanajeshi sina neno. Lakini risasi yenye koti zima haisimami upesi. Hupita. Hupita mtu, na hupita bati kama bati halipo. Fikirieni Mathare. Fikirieni Mukuru, nyumba ya bati imegusana na nyumba ya bati, na watoto watatu wamelala kwenye kitanda kimoja kilichosogezwa ukutani. Mimi nilikulia nyumba za mawe za hapa Kaloleni na bado mama alituambia tulale chini ukisikika mlio. Wa bati walale wapi? Najua watu wa haki za binadamu husikia ukakasi risasi inayopanuka ikitajwa, kwa sababu jeraha lake ni baya. Naelewa. Nawaomba tu wauweke upande wa pili wa mizani yule aliyelala nyuma ya bati.

Kuhusu mazoezi sitasema mengi. Palikuwa na miaka, katika kituo kimoja nilichohudumu, ambapo sanduku la risasi za shabaha nililifungua Januari na Desemba bado lilikuwa na risasi. Vijana wale walitoka na bastola kila usiku.

Uchungu wangu wa pili unahitaji maelezo kidogo ya maganda. Bastola ikipigwa, risasi huenda na ganda hubaki, huruka likaanguka chini. Nilipoanza kazi, ganda lilisema mengi kwa macho tu. Lenye ukingo uliojitokeza kwenye kitako lilikuwa la rivolva, na rivolva haitemi maganda, kwa hiyo ukiliona barabarani ujue mtu alisimama akajaza upya. Lenye shingo kama chupa lilikuwa la Tokarev, risasi ya Kirusi ya milimita 7.62 ya mwaka 1930. Tokarev hazikuwa ghalani kwangu. Zilitoka nje ya mipaka, hasa baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Somalia mwaka 1991, na ukiona shingo ile ulijua unatafuta silaha haramu. Fupi nene lilikuwa la Makarov, 9 kwa 18. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Zipo 9 kwa 17, ndogo ya mfukoni aliyoibuni Browning mwaka 1908. 9 kwa 18 ya Warusi. Na 9 kwa 19 ya Luger, ambayo ndiyo ya Ceska na Jericho na Glock. Hizi haziingiliani. Mwanahabari akiandika "risasi za milimita 9" amenitajia ukoo, hajanitajia mtu. Ulizeni: 9 kwa ngapi?

Na sasa jibu karibu kila mara ni 19. Hata Warusi waliipokea mwaka 2003. Kiwanda chetu cha Eldoret hutengeneza risasi za milimita 9. Raia mwenye leseni chini ya Sura ya 114, ile sheria yetu ya bunduki, mara nyingi huchagua hiyo, kwa sababu ndiyo anayoipata dukani; na jambazi hutumia hiyo, kwa sababu bastola aliyompora afisa au raia ni ya hiyo. Kwa mtu wa ununuzi ni raha: sanduku moja linatosha wote. Kwa mtu anayeokota ganda mlangoni pake ni msiba, maana ganda la askari, la raia na la mwizi ni ganda moja.

Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini hapa mjini tarehe 21 Aprili 2004, inazitaka nchi zetu zipige chapa kila bunduki. Ni kazi njema, na bunduki haramu zaidi ya 5,000 zilizochomwa Ngong mwezi Novemba 2016 ni ushahidi kwamba inawezekana. Ila chapa ile ipo kwenye bunduki, na bunduki huondoka na mwenyewe. Kinachobaki ni ganda, na kitako cha ganda hutaja kiwanda, mara nyingi na mwaka, hakitaji kituo. Wataalamu wanaweza kulinganisha alama ya pini kwenye ganda na michirizo ya mtutu kwenye risasi, na wanafanya vizuri, lakini lazima kwanza waletewe bastola ya kulinganisha nayo. Ataileta nani, kama hakuna anayejua ni ya nani? Anayejua ni daftari la ghala. Fulani alitoka na risasi 15 saa kumi na mbili jioni, akarudi na 12. Hizo tatu ziko wapi? Zamani kaliba ilitusaidia kuuliza. Siku hizi ni hilo daftari tu, na daftari ni karatasi.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu, mama mmoja alikuja ghalani. Sijui nani alimwonyesha mlango, maana raia haruhusiwi kufika pale. Alikuwa amefunga kitu kwenye ncha ya leso. Akafungua mezani kwangu: maganda matatu, aliyaokota nje ya nyumba yake asubuhi ya pili baada ya kijana wake kupigwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, hizi ni za nani?"

Niliyageuza mkononi. Hayakuwa na ukingo, hayakuwa na shingo. 9 kwa 19, yote matatu. Nilitamani yawe ya Tokarev, Mungu anisamehe, ningemwambia mama ni majambazi, aende akalie. Nikafungua daftari kwenye ukurasa wa usiku ule. Safu ya risasi zilizotoka ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mzuri. Safu ya zilizorudi ilikuwa tupu, mstari baada ya mstari, hadi chini ya ukurasa. Zamu ile haikuwa yangu. Nilimwonyesha aliyenizidi cheo, akanyamaza.

Mama alikaa kwenye benchi akingoja. Nilichukua kalamu, nikaandika pembeni mwa ukurasa ule tarehe ya siku hiyo, jina lake, na maneno haya: maganda matatu, milimita 9 kwa 19, yameletwa na mzazi. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea mara mbili.

Sasa nitaketi. Naona dada pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, aanze yeye.